Mafuta Yote Yanafaa

Miaka michache iliyopita nilikuwa namtunza mzee mmoja Myahudi, aliyefiwa na mkewe, katika ghorofa ya nne karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles. Tulizungumza Kifaransa, lakini nilimwita papa kama tunavyowaita wazee kwetu Bukavu, naye akazoea.

Jioni ya kwanza ya Hanuka, sikukuu yao ya taa, nilikuwa na haraka. Kwaya yetu ilikuwa na mazoezi Koekelberg, upande wa pili wa jiji, na mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Nikamimina mafuta ya alizeti ya jikoni katika kikombe kidogo cha kioo, nikasokota pamba kuwa utambi, nikamwita.

Akanusa kikombe. "Haya si ya zeituni."

"Sheria yenu inayakataza?"

"Hapana. Kwa Hanuka mafuta yote yanafaa. Tambi zote pia, hata zile tunazozikataa kwa taa za Sabato."

"Basi washa, papa."

"Kufaa ni kitu kimoja. Kilicho bora ni kingine."

Nikashuka kwenye mvua. Duka la kwanza walikuwa na mafuta ya zeituni yaliyotiwa kitunguu saumu tu, ikabidi nipande barabara mpaka la pili. Niliporudi, viatu vikilia maji, simu ilikuwa inaita. Binti yake, anayeishi mji wa Antwerp, asiyependa baba yake awashe moto.

"Kama hasikii, mwache awashe," alisema. "Ila fungua dirisha. King'ora cha moshi kikilia tena, majirani watanila mzima."

Nikalifungua kidogo, nikaketi kumsubiri mzee. Hakukubali nimwashie. Amri ni yake, alisema, na mkono lazima uwe wake. Huo mkono ulikuwa unatetemeka kwa maradhi hata kijiko cha supu hakifiki kinywani. Njiti moja ikavunjika, nyingine ikaanguka kwenye kitambaa cha meza nikairukia. Nikataka kumshika kiwiko, akanisukuma. Hatimaye akasoma baraka zake kwa Kiebrania, utambi ukashika moto. Nikachukua chupa ya dawa zake niisome kwa mwanga ule.

"Usiutumie," akasema. "Taa hii ni ya kutazamwa tu."

Nikaweka chupa chini. Hapo upepo ukapita dirishani, moto ukazimika.

"Nani amefungua dirisha?"

"Mimi. Madame, binti yako, ameniagiza."

"Basi sijawasha kitu. Ukiweka taa penye upepo, ni kama hujaiwasha. Funga, tuanze upya."

"Eh, Mungu wangu, huyu muzee atanimaliza," nikasema kwa Kiswahili cha kwetu. Akauliza nimesema nini. Nikamwambia ninaomba.

Nikafunga dirisha, nikasokota utambi mwingine, nikaongeza mafuta. Akahangaika tena na njiti, mara hii bila baraka maana alishazisoma, mpaka jasho likamtoka. Moto ukawaka vizuri. Tulikuwa bado tunautazama ulipofifia, ukazimika wenyewe. Nikanyakua kiberiti.

"Acha," akasema. "Imetosha."

"Imetoshaje? Huu umewaka muda mfupi kuliko ule!"

"Mafuta yalikuwa ya kutosha, dirisha limefungwa. Nimewasha inavyotakiwa. Amri ni kuwasha. Ikizimika baadaye kwa bahati mbaya, sidaiwi kurudia."

Nikamtazama, amekaa kwa raha kama mtu aliyemaliza kulima. Mimi nimelowa, kwaya imenisubiri imechoka, na mbele yangu kikombe kimejaa mafuta mazuri yasiyowaka.

"Papa, kwa hiyo nimetembea kwenye mvua kwa ajili ya hiki?"

"Hukuniambia umechoka."

"Hukuniuliza."

Nikampa dawa, nikamlaza bila maneno mengi, nikaondoka. Nilipofika Koekelberg wenzangu walikuwa wanafunga mlango wa ukumbi, na nyimbo alikuwa ameanzisha mwingine.

Kesho yake nilikuta binti ameleta taa ya plastiki ya betri, na viberiti vyote amevichukua. Mzee alikuwa ameigeuzia mgongo. "Hiyo haina mafuta wala utambi," aliniambia. "Nisome baraka juu ya nini?"

Nilikuwa bado na hasira naye. Hata hivyo nikampigia madame, nikamwambia nitasimama pale na ndoo ya maji mpaka moto uzimike. Akapumua kwa nguvu, akasema sawa, lakini kikitokea chochote ni juu yangu. Nikaenda kununua kiberiti. Mvua ilikuwa bado inanyesha.