Usiku Mmoja wa Kulazwa Dar

Niliondoka Tukuyu kwa sababu nililala nikiwa nimesimama. Nilikuwa nafundisha darasa la tano hapa Bagamoyo, kata ya Tukuyu mjini, chaki mkononi, nikasinzia katikati ya hesabu za sehemu na desimali na kuangukia meza ya mbele. Watoto walicheka, kisha wakanyamaza walipoona siinuki. Magoti yalikuwa yamechoka kunibeba, presha ilikuwa juu, na dawa za miti shamba nilizoletewa na kila shangazi zilikuwa zimenipunguzia uvumilivu tu. Daktari mmoja wa Mbeya akaniandikia barua niende Dar es Salaam, nikapasuliwe na kupunguzwa mfuko wa tumbo ili nipungue uzito.

Siku mbili kabla ya safari nilikwenda Kisiba kumuaga mama. Ukifika kwake asubuhi atakuuliza kwa Kinyakyusa, "Ugonile?", yaani umelalaje, nawe utajibu kwamba ni salama hata kama hukupata lepe la usingizi. Ni salamu, hakuna anayetoa ripoti. Nikamwambia nakwenda semina ya walimu.

"Wasikukondeshe huko," alisema, maana kwetu mtu akikonda majirani huanza kunong'ona.

Nilimdanganya kwa sababu ya baba. Alilazwa aangaliwe usiku mmoja tu, asubuhi tukaambiwa tukachukue mwili. Tangu hapo neno kulazwa halitajwi nyumbani kwetu, na mimi, mwalimu mzima, naliogopa kuliko kisu chenyewe. Mama, bila kujua lolote, alinifungia mkungu wa ndizi nimpelekee mdogo wangu Atupele, anayeishi Kimara.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka Mbeya. Nilikuwa nimeamriwa kutumia vitu vya majimaji tu, kwa hiyo Makambako wenzangu walipochangamkia mahindi ya kuchoma, mimi nilifungua chupa yangu ya uji mwepesi, na mkungu wa ndizi miguuni. Iringa sikuiona, nilikuwa nimelala. Mikumi abiria walisimama kutazama twiga, nami nikaamka kwa kutikiswa na jirani yangu, mama mmoja wa Uyole.

"Dada, unanitisha," alisema. "Unakoroma, halafu kimya kabisa, kama umezimwa."

"Uchovu tu, mama," nikajibu. Twiga tulikuwa tumewapita.

Kesho yake, Dar, Atupele alinisindikiza hospitali akakaa nje kusubiri. Daktari alikuwa kijana mpole. Alieleza kuwa wanapitisha vifaa kwenye matundu madogo, na kwamba wagonjwa wengine huruhusiwa siku hiyo hiyo, mradi hawana tatizo lingine, wanaweza kunywa maji na kutembea, na wanalala karibu na hospitali na mtu mzima wa kuwaangalia. Wengine hulazwa.

"Mimi ni wa kwenda na kurudi," nilidakia kabla hajafunga mdomo.

Akafungua faili langu. "Unalalaje, mwalimu?"

"Salama, daktari. Sijui ninyi?"

Akatabasamu, akasema nao ni salama, akaandika. Nilitoka nimefurahi mno. Nilidhani ananisalimia.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Atupele ameketi ukingoni mwa kitanda tulicholalia, macho mekundu.

"Dada, daktari hakukuuliza habari za usingizi?"

"Aliniuliza ninalalaje. Nikamwambia salama."

"Salama ya wapi? Nimekesha nakusikiliza. Unaacha kupumua wewe! Mpaka nikuguse ndiyo unavuta. Leo tunarudi ukamwambie ukweli."

"Nikimwambia atanilaza."

"Si akulaze! Unataka unizimikie hapa Kimara, mimi nikufanyeje?"

"Baba alilazwa, Atu. Ulikuwa mdogo, hukumbuki."

Alinishika mkono. "Nakumbuka vizuri. Baba alikaa na ugonjwa wake nyumbani miaka, akawa anajibu salama kama wewe. Kitanda cha hospitali hakikumuua, dada."

Nililia pale kama mtoto, kisha nikaoga, tukaenda.

Daktari hakukasirika. Alikata kwa mstari alichokuwa ameandika, akasema watu wa wilaya yetu ya Rungwe atawauliza kwa maneno mengine. Nilifungwa kipimo cha usingizi, kikaonyesha kuwa pumzi yangu hukatika mara nyingi nilalapo, na kwamba ndiyo maana mchana nasinzia. Dawa za usingizi na za maumivu zingeongeza tatizo hilo. Basi nikapewa mashine ndogo ya kupumulia yenye barakoa, operesheni ikasogezwa mbele nizoee kuivaa, na ikaamuliwa nitalazwa usiku mmoja. Nilitia sahihi.

Siku ya operesheni tulikuwa wawili. Mwenzangu, dada wa Morogoro asiye na shida ya pumzi, alipasuliwa asubuhi, na jioni aliondoka akitembea polepole na mumewe. Nilimwonea wivu waziwazi. Mimi nilibaki na barakoa usoni na kibanio cha kupima hewa kidoleni, nikimwomba Mungu anifikishe asubuhi.

Akanifikisha. Kulipokucha nesi alinipa maji ya kulamba kijiko kwa kijiko.

"Mashine yako ilipiga kelele mara mbili, mwalimu," alisema. "Barakoa ilikuwa imechomoka. Nikakurudishia, nikakuinua kichwa, ukaendelea kulala zako."

"Na ningekuwa nyumbani?"

Alinijazia kijiko kingine. Saa nne nilitoka wodini kwa miguu yangu. Mlangoni niligeuka kukiangalia kile kitanda, nikakishukuru kimoyomoyo. Sijawahi kujisikia mwepesi vile, na hata kilo moja ilikuwa haijapungua.

Nilikaa kwa Atupele mpaka daktari aliponiruhusu kusafiri, kwa masharti kwamba basi likisimama nishuke nitembee, damu isigande miguuni. Morogoro nililizunguka basi kama fundi anayetafuta pancha. Mikumi nilikuwa macho, na twiga niliwaona, watatu, wakila juu kabisa bila haraka.

Nilifika Kisiba kesho yake asubuhi, mashine yangu mkobani. Mama alikuwa anamenya ndizi. Alinitazama mara moja tu gauni linavyonipwaya.

"Ugonile?" akauliza.

Safari hii nikampa ripoti. Nikamweleza yote: uongo wa semina, kisu, wodi, pumzi inayokatika na mashine. Nilitegemea kelele. Mama aliweka kisu chini.

"Baba yako naye alikuwa ananyamasa hivyo hivyo," alisema taratibu. "Mimi nilikuwa namsukuma na kiwiko, anavuta pumsi. Nilijua ndivyo wanaume wanavyolala."

Alinisagia parachichi likawa laini kabisa, akanilisha kijiko kidogo kidogo. Nilipojiandaa kulala aliniomba nimwonyeshe barakoa inavyofungwa, akaikaza mwenyewe.

Asubuhi aliniuliza tena, "Ugonile?" Kisha akavuta kigoda, akakaa, akasubiri jibu.