Uzio Uliokua kwa Matusi

Nikiwa mtoto kwetu Katuba, nilikuwa na adabu iliyopita kiasi. Mama yangu, Mkatoliki wa kweli, alitufunza kushukuru kwa kila kitu, nami nilishukuru hata kwa kofi. Adabu hiyo nusura ituulie uzio.

Kiwanja chetu, lupango kama tunavyosema, kilikuwa wazi pande zote. Wapita njia walikatiza katikati, na mbuzi wa mtaa walikula lengalenga, mchicha wa mama, kabla yetu. Matofali hatukuyaweza. Ndipo alipofika Kambo, bibi yangu mzaa mama, kutoka Pweto na samaki wake wakavu. Akaitazama hali ile, akasema haondoki mpaka nyumba ya binti yake ifungwe. Alinipeleka kwa Mama Odila, jirani mwenye bugenvilia za zambarau na miiba ya kutisha, tukakatiwa matawi fungu zima. Nilipokabidhiwa, nikapiga goti: "Aksanti sana, Mama."

Kambo akashika kichwa.

"Aba! Muti hatushukuriake! Ukisema aksanti, inakufa!"

Mama Odila naye aliijua imani hiyo. Nililia njia nzima. Mvua zilikuwa karibu kwisha, na matawi yale yakifa, nyumba yetu ingebaki wazi hadi mvua nyingine kwa sababu ya mdomo wangu.

Tulipomaliza kuyachomeka, akanipa dawa yake.

"Kila asubui utaitukana, moja moja, mpaka isahau aksanti yako. Ukitukana, unasukutua kinywa, halafu mayi ya kopo unamwanga pale chini, juu matusi isiingie mu nyumba."

Mimi, niliyekatazwa hata kusema "mjinga", nikapewa ruhusa ya kutukana! Nikawa naamka kabla ya wote, ndoo mkononi. "Weye mwivi ya bulongo!" Yaani mwizi wa udongo. Kopo la maji. "Weye muvivu!" Kopo la maji. Asubuhi moja nikafika kwenye tawi jembamba kuliko yote: "Na weye, miguu ya kukauka!" Mama Odila alikuwa anapita barabarani kwenda sokoni. Miguu yake, Mungu anisamehe, haikuwa minene.

Akaja moja kwa moja kwa mama. Aibu gani hii, mtoto aliyebatizwa kutukana watu wazima alfajiri! Mama akataka kukomesha mambo hayo siku ile ile. Niliogopa, lakini si fimbo. Hakuna tawi hata moja lililokuwa limechipua. Kambo akamweleza Mama Odila yote. Naye akavitazama vile vijiti, akaweka kapu lake chini, akavifokea:

"Mumetoka kwangu bazima, munakuja kulala hapa? Bavivu!"

Kisha akaniomba kopo, akasukutua, akamwaga. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kiangazi kilipita, vumbi jekundu likafunika kila kitu, na matawi karibu yote yakachipua. Siku ya Kambo kurudi Pweto nilimkimbilia nimshukuru. Akaniziba mdomo.

"Miye pia niko muti. Unitukane tu, nisikauke."

"Kambo ya bure," nikasema nikilia. "Hauna hata meno."

Akaondoka akicheka. Sikumwona tena.

Ujanja wake nauelewa sasa. Mtoto akiambiwa amwagilie maji kiangazi kizima, atachoka mapema; akiruhusiwa kutukana, hachoki ng'o. Lakini kuuelewa hakukuniondolea ile imani. Majirani wengi wamejenga kuta. Sisi bado tuna bugenvilia. Siku hizi haziombi maji wala mbolea. Tunazipogoa tu mvua zikiisha, na miiba inafanya kazi iliyobaki. Watu huja kuniomba matawi, nami nawapa, nikiwaziba midomo kwanza.

Asubuhi nyingine, maua yakiwa yamejaa, natoka na kopo langu hata kama mizizi haina kiu. Nilimpenda sana bibi yule, na kumshukuru alinikataza.

"Kambo ya bure," namwambia. Kisha nasukutua, na maji yote namwaga pale chini.