Kishikwambi Changu Marehemu

Kishikwambi changu cha kazi kina ufa pembeni na huwaka kwa kusuasua, lakini maandalio ya somo naandikia humo, na kila swala kinaniadhinia. Ila mimi, mwalimu mwenye hadhi yangu hapa Dunda, niliona kinanitia aibu. Shuleni kikaletwa kipya kimoja, apewe ambaye chake kimekufa kabisa. Basi nikakiua changu kwa mdomo.

"Shikamoo, mama. Changu hakiwaki wiki ya pili sasa," nilimwambia mwalimu mkuu, nimevaa sura ya msibani.

"Marahaba. Pole sana." Akashika kalamu aniandikie kipya.

Ikaingia adhuhuri. Mkobani mwangu ikatoka adhana, safi, kwa sauti ya juu kabisa.

Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini taratibu. "Mwalimu, marehemu wako anaadhini."