Jembe la Buluu la Buhinyuza

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Gishubi, nilitumia saa nzima kuchimbua kifuniko cha chupa ya bia. Nililala kifudifudi, nikakwangua udongo kwa kijiti na brashi pale detekta ya vyuma ilipolia, jasho likinichuruzika mpaka kwenye viatu. Kifuniko kilipojitokeza wenzangu walicheka, nami kwa hasira nikataka kukitupa. Mkuu wa kikosi, tuliyemwita Shefu, akanishika mkono.

"Bon, hiyo ni nini?"

"Takataka, Shefu."

"Takataka si jina. Kila kitu iko na jina yake. Andika: kifuniko ya chupa. Sasa rudisha detekta kwenye shimo, pima tena. Chuma moja inaweza kuficha ingine, unasikia?"

Shefu alikuwa mtoto wa Muyinga mjini, wa familia ya Kiislamu ya mafundi bati, na alikuwa na uwezo wa kugonga kipande cha chuma kwa kucha akakwambia kilitoka kwenye sufuria au kwenye baiskeli. Mimi nilikuwa mbichi kabisa. Nilikulia kambini Tanzania, na nilikuwa nimerudi nyumbani juzijuzi na mke wangu, na kile kifurushi tulichopewa sote mpakani: turubai, blanketi, ndoo, na jembe jipya lililopakwa rangi ya buluu. Kikosi kilitafuta watu wa kuondoa mabaki ya vita mashambani, nikajiandikisha kwa sababu shamba langu lilikuwa dogo na mikono ilikuwa haina kazi.

Ninyi vijana mnaokuja kwangu Mushasha, hapa Gitega, siku hizi na detekta zenu za kujifurahisha, mkinimwagia mezani misumari na vikuku na kuniuliza hiki nini, kile nini, mnadhani mashine ndiyo inayojua. Haijui kitu! Ni fimbo yenye sahani chini na sauti masikioni. Inakwambia kuna chuma, basi. Msumari hulia mkali na mfupi, bati pana hukoroma. Na chuma kikubwa kikikaa juu, mlio wake humeza mlio wa kilicho chini yake. Ndiyo maana ya kupima tena. Nawaambia haya kila wiki, na kila wiki mnaniitikia "ndiyo mzee" kisha mnafukia shimo na kuondoka. Nimechoka kusema, lakini nitasema.

Mabomu tuliyoyapata yalikuwa machache, namshukuru Mungu. Siku nyingi tulitoa kufuli, mifuniko ya sufuria, maganda ya risasi, vipuri vya baiskeli. Watu walipokimbia walifukia walichoshindwa kubeba. Nikajifunza kuvisoma. Majembe hasa niliyajua sana. Jembe la zamani, la mhunzi wa kwetu, lina mkia mrefu unaochomekwa ndani ya mpini. Jembe la kiwandani lina pete, na mpini ndio unaoingia kwenye pete. Baada ya miaka michache kikosi kikipata kitu kisichojulikana, Shefu alikuwa anasema tu, "Muitie Deo." Na mimi kichwa kikavimba, siwezi kuwaficha.

Tulipohamishiwa Muyinga, wazee wa mlima mmoja huko Buhinyuza walituomba msaada. Huku kwetu mlima ndio kijiji, na wazee wake ndio waamuzi wa kwanza wa ugomvi. Bibi Godeliva alikuwa amerudi kutoka Tanzania na mwanawe wa pekee, Ezekieli, akakuta shamba lake linalimwa na mtu anayeitwa Salvatori. Salvatori naye hakuwa mwizi. Vita ilimtoa kwao, na wakubwa wa wakati ule walimwonyesha pale wakamwambia alime. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Bibi alisema jambo moja tu: siku ya kukimbia, marehemu mume wake alifukia majembe matatu ya baba yake penye kona ya jiko, karibu na jiwe la kusagia. Jiwe lilikuwepo. Wazee wakasema yakipatikana majembe, shamba ni la Bibi. Yasipopatikana, Salvatori abaki.

Basi nikaitwa na detekta yangu. Watu walijaa, wengine juu ya kichuguu. Nikapitisha sahani karibu na jiwe, mlio ukaja mzito, wa karibu. Bibi akaanza kulia kabla sijachimba. Nikachimba kiganja kimoja tu, jembe likatoka.

Lilikuwa na pete. Na ndani ya pete, mahali ambapo udongo haukufika, rangi ilikuwa buluu.

Jembe la aina ile ile lilikuwa nyumbani kwangu nyuma ya mlango. Kila mrejeaji pale alilijua. Nikamtazama Ezekieli, kijana mrefu wa miaka ishirini na kitu, naye akatazama miguu yake. Ningeweza kunyamaza. Wazee wale hawakuwa wameona ndani ya pete. Lakini mimi nilikuwa mrejeaji, na nilisikia watu wakinong'ona kwamba mrejeaji atambeba mrejeaji mwenzake. Na tena, kusema kweli, nilifurahi kumkamata mtu. Aibu yangu ni hiyo.

Nikaliinua juu. "Wazee, jembe hili halikufukiwa na aliyekimbia. Ni la kifurushi cha kurudi. Limefukiwa juzi."

Weee! Zogo lililozuka! Wakamzomea Ezekieli mpaka akakimbilia migombani. Bibi Godeliva alinishika mkono wa shati. "Baba, si hilo. Mimi sijui hilo limetoka wapi. Yetu yalikuwa matatu, na yana mkia. Chimba, baba."

Nilimsikia vizuri. Lakini wazee walikuwa wameshasimama, watu walikuwa wananipigia makofi, na mimi nilikuwa nimeshavua vifaa vya masikioni. Sikurudisha detekta kwenye shimo. Kitu nilichofundishwa siku ya kwanza, nilichokifanya kwa kifuniko cha bia, sikukifanya kwa shamba la mjane. Nikafukia kwa mguu.

Salvatori akabaki na shamba. Bibi akapewa kijumba kwenye kijiji cha warejeaji. Wiki ile ile Ezekieli alivuka mpaka kurudi Tanzania, bila kuaga. Lile jembe nilipewa nilitunze, nikalifungia kibandiko kwa kamba na kuandika kwa mkono wangu: "Jembe la kifurushi. Ushahidi wa uongo."

Miaka ikapita. Shefu alistaafu, nami nikaletwa Gitega kutunza ghala la vyuma na kuwafundisha wapya. Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja nistaafu pale Salvatori alipofika na gunia, amezeeka, suruali imejaa vumbi la njia. Akalimwaga mbele yangu bila salamu. Yalikuwa majembe matatu, yameliwa na kutu, lakini mikia ilikuwa bado mirefu.

"Nilikuwa nachimba msingi wa jiko," akasema.

"Wapi?"

"Pale pale ulitoa ile ya buluu. Chini yake, kipimo ya mkono moja. Mi sikupata usingizi siku tatu, mzee. Banasema we ndo unajuaka vyuma. Sema, hizi ni za nani?"

Kijana wa watu alikuwa amesikiliza maelezo ya mama yake, akafukia jembe lake mahali penyewe hasa. Alichokosa ni kuchimba zaidi. Na mimi je? Nikakaa juu ya sanduku.

"Ni ya Bibi Godeliva," nikasema.

"Mi najua. Nilitaka niisikie kwa mdomo yako."

Tukaenda naye Buhinyuza. Njiani aliniambia ameshaongea na wazee, shamba litagawanywa nusu kwa nusu, na upande wenye jiwe utakuwa wa Bibi. Tulimkuta amekaa mlangoni, macho yamefifia. Nikampigia magoti, nikamweleza yote, na kwamba sikupima tena. Alipapasa mikia ya majembe, mmoja, wa pili, wa tatu, akatikisa kichwa taratibu.

"Ndiyo haya," akasema. Kisha akanigeukia. "Na lile la mwanangu mliliweka wapi?"

"Liko Gitega, mama."

"Niletee hilo. Haya hayajawahi kunisaidia kitu. Yeye alitaka kunisaidia."

Nilirudi Gitega. Nilikata kamba ya kile kibandiko, nikatafuta kingine, na nilikaa nacho muda mrefu kuliko kifuniko cha Gishubi. Mwisho nikaandika: "Jembe la Ezekieli, mwana wa Godeliva." Nilipompelekea Bibi na kumsomea, alinitaka nirudie, nikarudia.

Sasa nimestaafu, magoti yanauma, na hao wenye detekta hawaniachi nipumzike. Mwaka jana nilikwenda kumsalimu Bibi kwenye nusu yake ya shamba. Yale matatu ya mkia amemwachia Salvatori, yametundikwa jikoni kwake. La buluu liko nyuma ya mlango wa Bibi, limetiwa mpini mpya, na kila mfanyabiashara anayevuka kwenda Tanzania anaambiwa akamwambie Ezekieli kwamba jembe lake lipo.