Firigisi ya Baba Mkwe

Sijutii. Krismasi ile, maduka ya Songea yakiwa yameanza kujaa vitu vya nje, nilinunua chungu kizito cha chuma ili nimwokee bata mzinga baba yake Agnesi, aliyekuja kwetu Bombambili kuamua kama ataniozesha binti yake. Shangazi alipotaka kunisaidia nilimfukuza uani.

"Shangazi, leo anapika mwanaume."

Nikamnyonyoa ndege mwenyewe, nikamtia chunguni, nikarundika makaa juu ya kifuniko. Harufu ilinifanya nijione mshairi.

Mezani mzee alisubiri kipande cha heshima yake.

"Kijana, firigisi yangu iko wapi?"

Shangazi akanigeukia. "Kwani tumbo ulilipasua?"

Niliinua kidevu. "Firigisi iko mahali pake, baba. Na utumbo pia."