Kidole Alichokitoa Bi Nuriati

Ni saa tatu asubuhi Kituntu, wilayani Karagwe. Nyuma ya msikiti, wanawake kumi na wanane wenye kisukari waliokaa mkekani wamekunja ngumi. Adelgunda Cleophace anazipitia moja moja, akizilinganisha na ndizi zilizopikwa.

"Ngumi yako ndiyo kipimo cha ndizi zako, si ya mumeo," anasema. Mmoja anauliza kama anaweza kuazima ya shemeji yake. Wanacheka.

Adelgunda, 44, wengi humwita Mama Allen. Ni Mlutheri, mhudumu wa afya ya jamii kwa mwaka wa sita, na hutembea kilomita tisa kufika hapa. Aliishia darasa la saba. Mambo ya kisukari alijisomea jioni, akitoka shambani, mpaka daftari tatu zikajaa.

Mwaka wa kwanza alikosea. Alileta kipimo cha sukari mchana wa Ramadhani, hakuna aliyetoa kidole. Akadhani wanamkataa kwa sababu ya dini yake. Kumbe waliamini tone la damu hubatilisha saumu.

Hakubishana. Alimfuata sheikhe wa msikiti, naye akawaeleza kuwa kupima hakufunguzi saumu, na kwamba mgonjwa wa kudumu aliyekatazwa na daktari ana ruhusa ya kula, na badala yake alishe maskini mmoja kwa kila siku asiyofunga. Tangu hapo mafunzo huanza Shaabani, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, ili kila mgonjwa amwone daktari mapema.

Bi Nuriati Karekezi, 68, aliyesikia maneno hayo kwa masikio yake, hakuridhika. Ramadhani ya mwaka jana daktari alimkataza kufunga, akafunga kwa siri. Alasiri moja Adelgunda alimkuta barazani kwake, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka.

"Mama, nipe kidole."

"Jua linazama sasa hivi, Mama Allen. Niache nimalize."

"Ukizimika, wanao nitawaambia nini?"

Alikitoa. Sukari ilikuwa imeshuka hadi kiwango cha hatari. Akanywa maji ya sukari huku analia.

Ramadhani ya mwaka huu hakufunga. Kila jioni alimpelekea jirani yake mjane futari, siku zote, hata ya mvua kubwa.

Leo amekaa mkeka wa mbele. Adelgunda anataka afundishe naye, waanze Kanoni, kisha wafike Rubwera, wilaya jirani ya Kyerwa. "Mimi nimesoma kufunga daftarini," anasema. "Yeye anakujua kwa mwili wake."

Bi Nuriati amekubali, kwa sharti moja: kipimo atakibeba yeye.