Kilimia Juu ya Bordesley Green

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mwaka ule tuliokula kuku mpaka tukawachukia. Kondoo wa nchi hii walikuwa wamechomwa moto mashambani kwa maradhi, na bucha letu halikuwa na kitu ila mapaja na vidari. Hata sambusa za Ramadhani hiyo zilikuwa za kuku. Wewe Salma, mjukuu wangu, ulikuwa na miaka saba, meno ya mbele huna.

Nyumba ya pili yetu, hapahapa Bordesley Green, alikaa Sherko, Mkurdi wa Iraki. Kwao alikuwa mwalimu. Hapa alinyoa watu ndevu. Nilimpelekea futari, kama nilivyolelewa, na bakuli halikurudi tupu hata siku moja. Lilirudi na wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza, changu kibovu na chake kibovu zaidi, tukaelewana kuliko ninavyoelewana na daktari.

Uani, kila mtu upande wake wa uzio wa mbao, alinihadithia habari za Mkurdi mwenziwe wa zamani, zaidi ya miaka elfu. Alizaliwa mji wa milimani, akateremka Iraki kusoma lugha na hesabu, kisha akarudi kwao. Akawa anapanda juu ya paa la nyumba yake kutazama nyota. Akaandika kitabu cha nyota zinazoleta mvua, na cha mimea, na cha nasaba za Wakurdi wenyewe. Vingi vimepotea, watu wamebaki kuvitaja tu. Lakini baada yake msomi alifunga safari kwenda kuliona lile paa. Paa tu, mwenyewe keshakufa.

"Na alifia kwao, Mama," Sherko akasema. Kisha akalirudia hilo la kufia kwao.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Marehemu baba, kule Pemba, hakuwa na kalenda. Akikiona Kilimia, kile kishada cha nyota ndogondogo, kimeinuka mashariki baada ya sala ya magharibi, anajua vuli imefika, anatoa mbegu za kunde. Mimi niliishia darasa la tatu, nikashika kwamba Kilimia ni chetu, kama mikarafuu. Miaka yote huku sikuwahi hata kukitafuta. Nani atafute mkarafuu Birmingham?

Jioni moja nilikuwa nimewafuturisha wanawake wenzangu, mlango ukagongwa. Sherko, na bakuli lake mwenyewe la buluu limejaa, uso unang'aa.

"Mama, leo mbingu safi. Njoo nje nikuoneshe nyota za mvua, zile za mtu wangu. Zimekaa kama zabibu."

Nikajua anasema Kilimia, na roho ikanichoma. Kilimia cha baba yangu, leo kiwe cha kinyozi? Nikamwambia mbele ya watu, "Siendi popote. Mbingu yangu naijua." Kisha nikawageukia wenzangu kwa Kiswahili: "Mwoneni huyu. Ndevu zimekwisha, sasa anataka kunyoa nyota."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kiswahili hakukijua, lakini kicheko alikijua. Akaliweka bakuli kizingitini. "Samahani, Mama," akasema, akaondoka. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Bi Mwanaidi, mkubwa wetu sote, hakucheka. Akasukuma sahani yake pembeni. "Zuwena, yule hakuja kukusomesha. Alikuja kukuonesha kwao, maana hana mwingine wa kumwonesha. Kesho mrudishie bakuli, umtake radhi."

"Idi nitampelekea, Bi Mwanaidi. Nitamtilia na halua."

"Idi iko mbali," akasema.

Kesho sikwenda. Kesho kutwa sikwenda. Kabla ya Idi nyumba yake ikawa tupu. Alikuwa bado anangoja majibu ya serikali kama atapewa hifadhi, na wanaongoja huhamishwa kama magunia. Wakamtia mji mwingine, na mtaani hapakuwa na aliyejua upi.

Siku ya Idi, baada ya magharibi, nikatoka uani na bakuli la buluu limejaa halua, nikasimama kwenye mbao kama mwehu. Nikainua macho. Juu ya bomba la moshi la hospitali, kilikuwepo. Kilimia, upande uleule wa mashariki, vilevile kama kidole cha baba kilivyonionesha. Nililia kwa sauti. Miaka yote kilikuwa nje ya mlango wangu, na mimi nimekaa ndani nakililia.

Juzi nilikusikia, Salma, wewe na wenzako mkimcheka yule msichana wa Kikongo kwa Kiswahili chake. Usinijibu kwa Kiingereza. Kesho mwendee. Mtu akitaka kukuonesha kwao, vaa viatu utoke. Na radhi iombe ingali ya moto, usiiwekee Idi. Mungu akupe macho mapana na ulimi mfupi, na akukutanishe na kila uliyemkosea kabla hajahama.

Baba yako amenunua nyumba Acocks Green, ina chumba changu cha chini, anataka tuhame mwezi ujao. Amenibembeleza, amenuna. Lakini Sherko anaujua mlango huu tu, na bakuli lake liko kabatini. Halua naitia mpya kila Idi.

"Mama," baba yako akaniambia jana, "utamngoja mtu hata hujui yuko wapi?"

Nikamjibu, "Siendi popote. Mbingu yangu naijua."